Jiwe Moja kwa Kila Mbuzi

Kila siku, kabla jua halijachungulia juu ya vilima vya Migwani, Kaluki alikuwa ameshafika mtoni na punda wao. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Maji yalijificha chini, na ilibidi uyabembeleze: unachimba kwa mikono mpaka viwiko vinazama, unangoja, kisha unachota kwa kata, kidogo kidogo, mpaka jerikeni zote nne zijae. Kaluki alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la saba, na wakati wa kungoja maji alipenda kujifanyia hesabu. Kata arobaini, jerikeni moja. Kata mia moja na sitini, mzigo mmoja wa punda. Shuleni hakuna aliyemshinda kwa hesabu, na jambo hilo alilijua vizuri, pengine vizuri kupita kiasi.

Jumamosi moja ya Agosti, mwaka wa 1981, aliporudi nyumbani alimkuta dada yake Kalondu ameketi juu ya kinu kilicholazwa. Kitabu kilikuwa mapajani, na midomo inacheza kama ya mtu anayesali.

"Bado n?" Kaluki aliuliza huku akiteremsha jerikeni.

"Bado n," Kalondu alijibu kwa unyonge. "Hebu sikia hii. 'Mfugaji ana ng'ombe n. Kila ng'ombe anahitaji lita d za maji yenye dawa.' Nikiona herufi, Kaluki, kichwa changu kinafunga mlango. Wangesema ng'ombe kumi ningefanya. Sasa n ni ngapi?"

Baba yao, Mutie, alikuwa akiziba ua wa miiba wa zizi. Aliinua kichwa. "Huyo n ni nani? Ni mtoto wa nani? Mtu ana ng'ombe wote hao na jina hana?"

Mabinti wakacheka, lakini kicheko cha Kalondu hakikufika mbali. Alikuwa msichana wa kwanza kutoka upande ule kwenda chuo cha mifugo. Masomo mengine yote aliyaweza: magonjwa, malisho, hata uzalishaji. Lakini mtihani wa hesabu za dawa na chakula cha mifugo ulimwangusha. Barua ya chuo ilisema angefanya mtihani wa pili siku ya kufungua, mwezi wa Septemba. Akianguka tena, afunge sanduku lake arudi nyumbani, na asirudi tena.

"Usiogope, mwaitu," Mutie alimwambia. Alimwita hivyo, yaani mama yetu, kwa sababu Kalondu alibeba jina la mama yake Mutie. "Hao wanaoandika n wakaondoka ni ndugu za wale waliotujengea josho la kuogeshea mifugo. Walikuja kulifungua kwa ngoma na hotuba, wakala mbuzi wetu, wakapanda gari. Leo josho liko wapi? Linaogesha mijusi!"

Mwaka huo kupe walikuwa wengi, na kwa kuwa josho lilikuwa limekauka, kila mtu aliosha mifugo yake nyumbani. Kalondu akaona hapo ni mahali pa kujaribu elimu yake.

"Baba, mbuzi wetu ni wangapi?"

Mutie aliusukuma mwiba mmoja uani, akausukuma na wa pili. "Kumi na wawili," alisema bila kumtazama.

Kalondu aliokota kijiti akaandika mchangani. "Kila mbuzi lita mbili. Kumi na wawili mara mbili ni lita ishirini na nne. Tuseme ishirini na tano. Kizibo kimoja cha dawa kwa kila lita tano. Basi vizibo vitano." Akarudia tena tangu mwanzo, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje likizo. "Kaluki, hii nimeiweza!"

Kaluki alitumwa sokoni, dukani kwa Mzee Hemedi, aliyekuwa akiuza dawa ya kupe kwa kizibo.

"Vitano tu?" Mzee Hemedi alimwuliza akimimina dawa kwenye kichupa. "Baba yako anafuga mbuzi au anafuga paka?"

"Daktari wetu amepiga hesabu," Kaluki alijibu kwa maringo.

"Haya, mjukuu wangu. Mimi ni nani mbele ya daktari?"

Mchana ule Mutie alikwenda kwenye mkutano wa chifu, mahali alipokwenda kila mara ili arudi amekasirika. Kalondu na Kaluki walichanganya dawa, wakaanza kumfunga mbuzi mmoja mmoja kwenye nguzo na kumwosha kwa kopo la lita moja, makopo mawili kila mbuzi. Hawajamaliza hata wa tatu, jirani yao Nzuki akaja mbio, jasho linamtiririka.

"Daktari! Daktari yuko? Ng'ombe wangu ameshindwa kuzaa!"

"Malizia wewe, Kaluki," Kalondu alisema akifuta mikono. "Makopo mawili, usizidishe wala usipunguze." Wakaondoka.

Kaluki aliendelea. Alifanya kazi vizuri, bila haraka. Lakini alipomaliza mbuzi wa kumi na mbili, ingawa yeye alikuwa akihesabu tu makopo mawili ya kila mbuzi, alichungulia ndani ya beseni. Ilibaki kama lita moja tu. Akageuka. Zizini walikuwa wamesimama mbuzi wengine saba wakavu, wanamtazama huku wakitafuna taratibu.

Nimemwaga wapi, alijiuliza. Lazima nimezidisha. Mimi, wa kwanza darasani, nimeshindwa kupima makopo mawili! Kichwani mwake alimwona Mzee Hemedi akicheka. Akamwona na dada yake akisikitika. Alitazama huku na huku, kisha akachukua jerikeni ya maji matupu akamimina kiasi cha robo tatu yake ndani ya beseni. Harufu ya dawa ilibaki kidogo. Akawaosha wale saba.

"Umemaliza?" Kalondu aliuliza aliporudi jioni, uso wake ukiwa na furaha kwa sababu ndama alizaliwa mzima.

"Nimemaliza," Kaluki alijibu. Na kweli alikuwa amemaliza.

Siku kumi zikapita. Kisha asubuhi moja mbuzi mwekundu, waliyemwita Kitune kwa ajili ya rangi yake, alikataa kutoka zizini. Mwili wake ulikuwa wa moto. Kupe walikuwa wamejaa masikioni mwake, wanene kama mbegu za mbarika. Kalondu aliwapima wengine. Baadhi walikuwa safi kabisa, na baadhi walijaa kupe vilevile.

Alikimbilia daftari lake. Akapiga hesabu upya, mara moja, mara mbili, mara tatu. Kila mara ilitoka vizibo vitano. Mwishowe akalifunga.

"Nimekosea na sioni hata nilipokosea," alisema polepole. "Ningekuwa kazini ningeua mifugo ya watu. Baba, mimi sirudi chuoni. Afadhali nikae hapa nichote maji."

"Wewe hujakosea!" Mutie alifoka, lakini mkono wake ulikuwa begani mwa binti yake, umetua kama ndege. "Dawa ndiyo mbovu! Hemedi ameuziwa takataka, na wakubwa huko ofisini wanajua na wamenyamaza. Ngoja niende sasa hivi nikamwambie ukweli wake mbele ya soko zima!"

Akachukua fimbo yake. Kalondu naye aliingia ndani, akalisukuma sanduku lake la bati chini ya kitanda, mbali kabisa, ukutani.

Kaluki alisikia bati likikwaruza sakafu. Watu wawili wasio na kosa, alifikiri. Mmoja anajilaumu, mwingine, Mzee Hemedi, anafuatwa alaumiwe sokoni, na mwenye kosa ni mimi niliyesimama hapa.

"Baba, usiende. Dada, toka." Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilitoka. "Hesabu haikukosea, na dawa si mbovu. Mimi nilitia maji."

Mutie alisimama langoni. Kalondu akatokea mlangoni. "Maji? Kiasi gani?"

"Robo tatu ya jerikeni. Dawa iliisha na bado mbuzi saba. Nilidhani nimeimwaga. Niliona aibu, dada. Nisamehe."

Kalondu hakumgombeza. Alikunja uso kama mtu anayesikia wimbo wenye kosa. "Saba? Haiwezekani. Dawa ilitosha kumi na wawili, na ungemwaga ya mbuzi saba ungeiona chini. Hao saba wametoka wapi?"

Wote wawili wakamgeukia baba yao.

Mutie aliiegemeza fimbo kwenye ua. Akakaa juu ya kinu, taratibu, kama mtu mzee kuliko alivyokuwa.

"Si kumi na wawili," alisema.

"Ni wangapi, Baba?"

"Sijui. Na sitaki kujua." Alisugua viganja vyake. "Kwetu kitu chenye uhai hakihesabiwi. Unawatazama tu jioni, unajua nani hayuko. Ukikitajia hesabu, umekiitia kifo. Nilisema kumi na wawili ili nipate kukujibu, basi."

Akatazama langoni. "Mnakumbuka mwaka wa sensa? Kijana alikuja na karatasi zake, akaninyooshea kalamu. Watu wangapi hapa? Nikamwambia wanne. Akaandika wanne. Kabla mvua za mwaka huo hazijaisha, tukawa watatu. Tuliita gari la hospitali limpeleke mama yenu. Kwenye karatasi zao gari lipo. Hapa halikufika. Na ile karatasi yao, mpaka leo, inasema tuko wanne."

Kaluki alimsogelea baba yake, akaketi chini karibu na miguu yake. Kalondu naye akaketi upande wa pili.

"Basi, Baba, hatutawahesabu," Kalondu alisema. "Lakini dawa haitajua ipimwe namna gani."

Mutie alifikiri. Kisha akainuka, akaingia ghalani, akatoka na kibuyu kikuukuu kilichojaa vumbi. "Mzee wangu alikuwa na njia yake. Mbuzi akiingia zizini, jiwe moja linaingia kibuyuni. Asubuhi mbuzi akitoka, jiwe linatoka. Jioni jiwe likikosa mbuzi, tunakwenda kutafuta. Hakuna aliyetaja hesabu."

"Na mawe yanahesabika?" Kaluki aliuliza kwa hofu.

"Mawe hayafi," Mutie alijibu.

Jioni ile mbuzi waliporudi malishoni, Mutie alisimama langoni. Kila mbuzi alipopita, kibuyu kililia: ko! Kitune akaja wa mwisho, amebebwa mikononi mwa Kaluki kutoka kivulini alikolazwa. Ko! Kaluki akayamwaga mawe juu ya ngozi.

"Mawe kumi na tisa," alisema.

"Kila jiwe lita mbili, ni lita thelathini na nane," Kalondu alisema. "Tuseme arobaini. Vizibo vinane." Lakini hakuandika. Alikuwa ameshika jiwe moja, analigeuza mkononi. "Baba, hili ni mbuzi?"

"Mbuzi wapi! Limesimama tu mahali pa mbuzi."

"Na kibuyu, kabla hatujakimwaga, ndani yake mlikuwa na mawe mangapi?"

"Yaliyokuwamo. Nani angejua?"

Kalondu aliruka. Akaleta kitabu chake akakifungua juu ya mawe. "Ndiye huyu! N ni kibuyu kilichofungwa! Sihitaji kujua kilicho ndani ili nianze. Kila jiwe lita d, basi maji yote ni n mara d. Siku nikikimwaga kibuyu nitaweka hesabu yake." Alicheka huku machozi yakimtoka. "Miaka miwili wananifundisha, na hakuna aliyeniambia ni kibuyu!"

"Wangekuambiaje?" Mutie alisema. "Wao wana viti. Kibuyu wamekiona wapi?"

Kesho yake Kaluki alikwenda kwa Mzee Hemedi kununua vizibo vinane. Safari hii hakuringa. Mbuzi wote waliogeshwa upya, na kwa siku nne Kaluki hakucheza na wenzake. Alikaa na Kitune kivulini, akawang'oa kupe masikioni mwake mmoja mmoja na kuwatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Siku ya tano Kitune alikula majani kutoka mkononi mwake.

Kalondu akarudi chuoni, sanduku la bati kichwani, jiwe moja mfukoni.

Mwisho wa Septemba barua ilifika. Kaluki aliisoma kwa sauti, baba yake akiwa ameacha kazi zote. "'Swali la kwanza lilikuwa na n. Niliweka jiwe juu ya meza. Msimamizi akaniuliza hilo ni nini. Nikamwambia ni mbuzi wa baba yangu. Akacheka, akaniachia. Nimepita, Baba. Nimepata alama sitini na nane.'"

Mutie alitazama mbali, kuelekea mtoni, akijifanya amepata vumbi jichoni.

"Soma tena hapo pa mbuzi," alisema. Kaluki akasoma tena.

"Sikiliza, mwanangu," Mutie alimwambia hatimaye. "Dada yako alipiga hesabu vizuri, ikatoka vibaya, kwa sababu mimi nilimpa nambari isiyo ya kweli. Na wewe ukaifunika kwa maji. Mimi nilisema uongo kwa hofu, wewe ukasema kwa aibu, na kupe hawakumhurumia yeyote kati yetu. Hesabu ni kama kisima cha mtoni. Ukikitia uchafu, chota kwa kata safi namna gani, utakunywa uchafu. Ukikosea, sema mapema. Kosa lililosemwa linatibika. Nimewalaumu wakubwa miaka yote kwa kuandika yasiyokuwapo, na siku hiyo nilifanya kama wao."

"Ndiyo, Baba."

"Haya, niletee kibuyu."

Mutie alichagua mawe kwa makini, akayapanga dirishani, moja karibu na lingine. Lilikuwako jiwe kubwa lenye kona kali, na mawili madogo. Mwisho akaweka moja jeupe, laini, lililosuguliwa na maji ya mto wa zamani, akaligusa kwa kidole.

Kaluki aliyatazama. Alijua ni mangapi, na lile la mwisho ni la nani, lakini hakusema.