Kiti Chenye Utepe Mwekundu

Usiamini. Nakuomba kabisa usiamini, maana ukishaamini utaanza kugusa kila kiti kwa kiganja kabla hujakaa, halafu useme ni mimi niliyekuharibia starehe. Wengi wamenicheka. Mmoja alianza kunicheka akiwa amekaa, nilipomaliza alikuwa amesimama mlangoni.

Mimi shule niliiacha kidato cha pili, kabla yenyewe haijaniacha. Lakini nipe gogo asubuhi, niachie kerezo, na saa saba mchana nakukabidhi miguu minne ya kiti ambayo hata mti wenyewe ungedhani ni mguu mmoja umeuona mara nne. Southall nzima, hapa London, hakuna wa kunigusa. Karakana yetu iko nyuma ya reli, na bosi ni Rasik, Mhindi wa Kisumu, ambaye Kiswahili chake ni kile kile alichopanda nacho ndege akiwa kijana. Tunatengeneza viti kwa mkono, mtindo wa Marekani ya kale: ubao mmoja mnene wa kukalia, miguu iliyotanuka, mgongo wa vijiti vyembamba vilivyoshikwa na upinde. Msumari hatuujui. Miguu tunaikausha mpaka ukiigonga inalia, ubao tunauacha na unyevu kidogo. Ubao ukija kukauka unaibana miguu hiyo milele. Kwa hiyo kiti kipya huwa kinaongea. Ta. Ta. Siku mbili tatu, na fundi hashtuki.

Tulikuwa wanne. Rasik, mimi, Nathanaël wa Bukavu anayepinda mbao kwa mvuke, na Mwatima wa Wete, Pemba, anayepaka rangi na kututukana.

Mapema Januari mteja mmoja, Emma, akaleta kiti cha mfano. Cha kweli, cha miaka mia mbili na hamsini, ubao wake umelainika kama shavu. Kati ya mikono ya kiti hicho ulipita utepe mwekundu, umefungwa kwa fundo zuri la kipepeo. Alitaka sita kama hicho. Tupime, tuchore, tukigeuze tutakavyo, ila utepe tusiufungue. Kwao hakuna aliyekikalia tangu enzi za bibi yake.

"Watu wa vitu ya zamani wako hivyo tu," Rasik alisema alipoondoka. "Fanya kazi."

Tukafanya. Wiki ya tatu kiti cha kwanza kilikuwa tayari, na asubuhi moja nikakiinua kukisogeza dirishani. Ubao ulikuwa na joto.

Elewa: karakana yetu haina hita ya maana. Januari hiyo ukipumua unaona pumzi yako. Chuma cha patasi kilikuwa kinauma vidole. Lakini pale katikati ya kiti, mahali pa makalio, palikuwa na joto kama mtu kainuka sasa hivi kunipisha.

"Nani alikuwa amekaa hapa?" nikauliza.

"Wewe ndo mvivu wetu," Mwatima akajibu bila kugeuka. "Jiulize mwenyewe."

Kesho yake cha pili kilikuwa na joto. Keshokutwa yake, cha tatu, ambacho rangi yake ilikuwa bado mbichi, kilikuwa na alama. Mtu alikuwa amekaa kwenye rangi. Alama nyembamba, za mtu mkondefu sana, na mbele yake alama mbili ndogo za viganja, kama mzee anayejisukuma ainuke.

Rasik hakuona jini. Rasik aliona mfanyakazi.

"Geuka!" akaamuru. "Wote! Onyesha matako ya suruali!"

Tukageuka, tumejipanga ukutani kama watoto wa chekechea. Mwatima akacheka mpaka akashika tumbo. Mimi safi. Mwatima safi. Nathanaël alikuwa na rangi pajani, na sote tulijua ndiye anayefungua karakana alfajiri, akitokea kwenye kazi yake nyingine ya kusafisha ofisi, macho mekundu kwa usingizi.

"Mimi nilibeba kile kiti jana," Nathanaël akasema. "Njo maana rangi iko."

"Unalala juu ya viti yangu."

"Hapana, patron. Silale."

"Moja tena ikiharibika, wewe nyumbani. Na ile barua ya kazi, sahau."

Hapo hakuna aliyecheka. Ile barua Nathanaël aliisubiri tangu Oktoba. Binti yake Anne, miaka tisa, alikuwa Bukavu kwa shangazi, na bila barua ya mwajiri maombi ya kumleta yasingesogea. Picha yake ilibandikwa juu ya sanduku la mvuke, kingo zimejikunja kwa unyevu.

Tangu siku hiyo kila mtu alimvizia mwenzake. Rasik alikuja mapema kumkamata Nathanaël. Nathanaël alinitazama mimi kwa jicho refu. Mimi nilimtazama Mwatima, naye akaanza kunyunyiza unga sakafuni tuone nyayo za nani. Hatukuona nyayo. Tuliona harufu, kama naweza kusema hivyo: harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, saa nne ya asubuhi, jua limeingia mpaka kwenye maranda.

Na milio. Nilikwambia kiti kipya kinaongea, lakini kinaongea ovyo, hakina mpango. Hivi vilianza kuongea kwa zamu. Cha kwanza, ta, kama kimepokea uzito. Kimya. Kimeachiwa. Cha pili, ta. Kimya. Cha tatu. Treni ikipita kila kitu kinatetemeka na milio inanyamaza, treni ikiisha inaendelea pale pale ilipoishia.

"Anajaribu," Mwatima akanong'ona, brashi imesimama hewani.

"Nani?"

"Sijui. Lakini hajapata panapomtosha."

Ijumaa moja, vyote sita vikiwa tayari, Emma alikuwa aje kuchukua mzigo saa nane. Saa sita Rasik akamwambia Mwatima akalie kila kiti, aegemee, tusikie kama kuna kinachoyumba. Akakaa cha kwanza, akainuka. Cha pili, akainuka. Cha tatu hakuinuka.

"Haya, mama, twende," nikamtania. "Au umekipenda?"

Gauni lake lilikuwa limebanwa mapajani, limelala bapa, mikunjo yote imenyooka, na miguu ya kiti, ile niliyoikereza mwenyewe, ilikuwa inatanuka polepole kwa uzito ambao hata watu wawili wa umbo la Mwatima wasingeufikisha.

"Kuna mtu kanikalia," akasema kwa sauti ndogo mno.

Tukamshika, Rasik mkono wa kulia, Nathanaël wa kushoto, mimi nikapiga magoti nikashika miguu yake, tukavuta kama watu wanaong'oa kisiki, na yeye hakusogea hata inchi, ila kichwa chake kilikuwa kinarudi nyuma kidogo kidogo kama kinachosukumwa na kisogo cha mwingine, na harufu ya mshumaa ikajaa mpaka macho yakaniwasha, na vile viti vingine vitano vikawa vinalia vyote kwa pamoja ta ta ta ta, na midomo ya Mwatima ikaanza kugeuka rangi.

"Mwenye kile kiti," alihema, jicho kwenye kiti cha utepe. "Mtu kamwinua. Bibi yangu... akiyatibu haya. Aliyemwinua akiri. Amtake radhi, amrudishe kwake."

Tukautazama utepe. Lile halikuwa tena fundo la kipepeo. Lilikuwa fundo la kamba, tunalofungia mbao zetu.

"Nani?" Rasik akanong'ona. "Sema haraka! Anakufa huyu!"

Treni ikapita. Halafu Nathanaël akaachia mkono wa Mwatima, akaitazama picha juu ya sanduku, akafunga macho.

"Ni mimi," akasema. "Mimi njo nilifungua. Mzee, unisamehe. Rudia kwako, ukae."

Na Mwatima akainuka kama kizibo, akatuangukia, akapumua.

Saa nane Emma akachukua viti vyake vyote saba, sita vipya na kile cha utepe, akafurahi, akapiga picha. Saa tisa Rasik akamwambia Nathanaël arudishe funguo. Nathanaël akabandua picha ya Anne taratibu isichanike.

Hadithi huwa naiishia hapo. Watu wanashangaa, wananinunulia chai. Lakini kuna kipande huwa nakiruka.

Nilikifungua mimi. Jumatatu ile ile Emma alipokileta, wenzangu wamekwenda kula. Fundi gani anakipima kiti kwa rula tu bila kukikalia? Nikafungua utepe, na kwa mzaha, nikijiona mfalme, nikasema, "Haya, mwenyewe ainuke, bingwa akae." Kiti kikalia, ta. Nikakaa. Palikuwa na joto.

Na aliposema Nathanaël "ni mimi", hakuna kilichotokea. Kitu hicho kiliyajua maneno ya uongo. Mwatima alikuwa anakwenda. Nami nilikuwa chini, magoti sakafuni, mdomo wangu karibu na ubao, ambapo ningeweza kusema kweli kwa sauti na wote wakasikia. Nikanong'ona, "Kaa kwangu. Ila usinitaje."

Ndipo alipoachiliwa.

Juzi nilipanda treni ya laini ya Elizabeth saa ya watu kutoka kazini. Watu wamesongamana, wananing'inia, na kiti cha pembeni yangu kitupu, kama kila siku. Nathanaël akaingia na sare yake ya usafi. Tukasalimiana. Nikamuuliza habari za Anne.

"Angali Bukavu."

Nilitaka kumwambia. Wallahi neno lilifika kooni. Badala yake nikagonga kile kiti kwa kiganja. "Kaa basi, ndugu yangu. Umechoka."

Alikitazama kile kiti muda mrefu, halafu akanitazama mimi.

"Hapana," akasema polepole. "Hapo iko mutu."