Rukuba Ilipofichwa

Kila Jumamosi Matrida alikuwa na zamu ya dagaa. Walikaa kijiji cha ufukweni karibu na Nyegina, na mama yake, Getruda, alianika dagaa mapema juu ya nyavu kuukuu kando ya ziwa. Matrida alitakiwa kuwageuza, kufukuza kunguru, na zaidi ya yote kuangalia kisiwa cha Rukuba. Kisiwa kikifichwa na mvua, watu wa ufukwe ule hupiga kelele, "Rukuba imefichwa!" na kila mtu hukimbia kuanua. Dagaa wakilowa hunuka, na huishia kuwa chakula cha kuku.

Jumamosi moja zamu ilikuwa nzito kuliko kawaida. Jirani yao Nyangi, ambaye kila mtu alimwita Mama Dennis, naye alikuwa ameanika dagaa, lakini ilimbidi ampeleke mwanawe kliniki Musoma mjini. "Matrida, nakuachia na wa kwangu," alisema huku akimfunga mtoto mgongoni. "Wewe ninakuaminiaga."

Siku hiyo pia Matrida alikuwa na simu yake mpya. Mama alimnunulia baada ya kubishana na baba siku nzima.

"Mtoto wa darasa la sita, simu ya tachi ya nini?" baba yake, Pastory, aliuliza.

"Atajifunzia hesabu. Wenzake wa mjini wanazo."

Baba alinuna, lakini simu ikanunuliwa.

Na kweli, Matrida alianza na hesabu. Alikaa juu ya jiwe, akatazama somo la sehemu hadi mwisho, akaelewa jambo lililomshinda darasani muhula mzima. Hapo hakuna wa kumlaumu. Lakini somo lilipoisha, ikajileta video ya kusuka nywele. Fupi tu. Ikafuata ya pili, ya tatu, kisha ya mbuzi anayecheza muziki. Video hizo hazina mwisho. Kinachoisha ni bando tu.

"Matrida! Huoni? Rukuba imefichwa!"

Ilikuwa sauti ya rafiki yake Scholastika, ambaye alishaanua dagaa wa kwao na sasa alikimbia na kiroba kichwani. Matrida aliinua macho. Kisiwa hakikuonekana. Aliruka, akakunja nyavu za mama yake, akazifunika kwa turubai. Alipogeukia za Mama Dennis, mvua ilishamwagika. Alizoa dagaa kwa mikono miwili huku akilia, lakini walikuwa wamelowa chapachapa.

Mama Dennis alirudi saa kumi. Aliinama, akawagusa dagaa wake waliolowa.

"Mvua ilitushtukiza, Mama Dennis," Matrida alisema. "Nimeshindwa kuwahi."

Mama Dennis alitazama gauni la Matrida lililokuwa likichuruzika maji. "Pole mwanangu. Mvua haina adabu. Umenyeshewa hivi kwa ajili yangu! Haya, chukua." Akamkabidhi chapati aliyomletea kutoka mjini.

Matrida aliishika chapati ile, asiweze kuila. Kama angefokewa, angejitetea, lakini shukrani zile zilimchoma moyo. Alijua akisema kweli baba ataichukua simu na hataiona tena. Alitembea mpaka mlangoni kwao, akageuka, akarudi mbio.

"Mama Dennis, nimekudanganya. Nilikuwa naangalia video. Wenzangu wote waliwahi kuanua. Mimi nimewahi wa mama tu."

Mama Dennis alimshika mkono, wakaenda pamoja kwa wazazi wake. Baba alipoyasikia hakuchelewa. "Si nilisema? Lete hiyo simu niitupe ziwani!"

"Na yako utaitupa?" mama alimuuliza. "Juzi si uliunguza maharage ukiangalia mpira?"

Baba alikohoa, akatazama pembeni. Mama Dennis alijitahidi asicheke, akashindwa.

"Na mimi nina kosa," mama aliendelea kwa upole. "Nilimpa simu na zamu kwa pamoja, sikumwambia kipi akiweke chini."

"Mama, tumgawie Mama Dennis nusu ya dagaa wetu," Matrida alisema. "Na simu ikae kabatini. Nikitaka kusoma nitaomba."

Baba alifikiri kidogo, akakubali. Dagaa wakagawanywa jioni ile ile.

Jumamosi iliyofuata Mama Dennis alikuwa na safari tena ya mjini. Matrida alidhani atampa Scholastika kazi ile. Lakini mama yule alisimama mbele yake, akasema kama zamani, "Nakuachia na wa kwangu."

Simu ilibaki kabatini. Saa nane wingu likashuka juu ya ziwa, na kabla ya mtu mwingine yeyote, Matrida alipiga kelele, "Rukuba imefichwa!" Ufukwe mzima ukakimbia. Safari hii alianza na nyavu za Mama Dennis.

Mama Dennis aliporudi alichota dagaa wakavu mkononi, akawanusa, akatabasamu.

"Kwa nini uliniamini tena?" Matrida alimuuliza.

"Kwa sababu ulirudi mbio kuniambia kweli. Simu ina faida yake, mwanangu, na wakati wake. Hayo utafundishwa, nawe utajua. Mtoto mkweli anafundishika. Mwongo, hata jembe humwachii."

Akatoa chapati kwenye mfuko. Matrida aliila yote palepale.