Begi Nyuma ya Mlango

Lifti ilikuwa imekwama tena, na watu wamefurika pale chini ya jengo, kila mmoja akiitazama saa yake kwa hasira. Katikati yao alisimama mwalimu wa yoga, suruali nyeusi ya kubana, shati refu jekundu, mikeka imemjaa mikononi, jasho limeanza kuharibu wanja. Darasa lake lilikuwa ghorofa ya juu kabisa.

"Wewe fundi," akafoka, "kila siku unaitengeneza, kila siku inaharibika. Unaitengeneza au unaibembeleza?"

Kijana aliyechuchumaa mlangoni mwa lifti akageuka. Ovaroli ya bluu, grisi shavuni, macho yanayocheka.

"Naibembeleza, dada. Haipendi ukali. Kama mimi tu."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu akataka kununa, akashindwa. Fundi akampokea mikeka, wakapanda ngazi pamoja, na walipofika juu aliyekuwa hoi ni Fundi.

"Unafundisha nini huku mbinguni?"

"Kutulia."

"Wewe?"

Mapenzi yao yalianzia kwenye swali hilo. Baada ya hapo simu hazikukatika.

"Haloo, Mama Utulivu."

"Koma kuniita hivyo. Uko wapi?"

"Naning'inia kati ya ghorofa na ghorofa."

"Kata simu basi, utaanguka!"

"Nikianguka utanililia, kipenzi?"

"Nitakuchapa kwanza."

Siku alipokwenda kwa Fundi mara ya kwanza, Mwalimu alikuta godoro chini, dirisha halina pazia, ukutani hakuna hata msumari. Chai walikunywa wamesimama. Mwenyewe alikuwa ameishi pale muda mrefu, lakini chumba kilikuwa kama cha mtu aliyeshuka kwenye basi asubuhi ile.

"Shida yako naijua," Mwalimu akasema. "Chakra ya mzizi."

"Inauma wapi?"

"Sikiliza, acha utani. Sisi wa yoga tunasema mwilini mna vituo vya nguvu. Cha kwanza kiko chini kabisa, mwisho wa uti wa mgongo. Hicho ndicho kinachokupa moyo wa kusema: hapa ni kwangu, nipo salama. Kikiyumba, mtu hali vizuri, halali vizuri, roho haikai."

Akampeleka uani, akamsimamisha peku. Vuta pumzi. Ipeleke mpaka visiginoni. Sikia ardhi ilivyokubeba.

"Nasikia jirani anatucheka," Fundi akajibu.

Ikawa hivyo wiki hadi wiki. Akimwambia ale ameketi, anaketi kidogo, anainuka. Akimwambia anunue kitanda, anasema kesho. Mwalimu alikereka hadi kichwa kikamgonga. Darasani watu walimsifu. Kumfundisha huyu mmoja aliyempenda kulikuwa kama kumpigia mbuzi gitaa.

Jumamosi moja alikuwa akitafuta ufagio nyuma ya mlango, akaangusha begi. Likafunguka. Nguo zimekunjwa vizuri, vyeti ndani ya mfuko wa plastiki, sabuni, mswaki mpya.

"Unasafiri?"

"Hapana."

"Una mke mahali?"

"Hapana, laazizi!"

"Basi begi hili la nini?"

"Ni begi tu."

"Begi tu halipangwi hivi! Kumbe mimi najenga, mwenzangu yuko mguu nje mguu ndani!"

Fundi akalifunga begi, akalirudisha nyuma ya mlango. Hilo ndilo lililomchoma Mwalimu. Akabeba mkoba wake, akabamiza mlango.

Zilifuata siku mbaya. Chakula hakikupita, usingizi ulimpaa. Akawaambia wanafunzi wasimame kwa mguu mmoja. Akayumba yeye, akashika ukuta, akaona aibu. Fundi alipiga simu, hakupokea. Alipoacha kupiga, akamkasirikia kwa kuacha.

Aliyepokewa simu ni shangazi yake peke yake.

"Mwanangu, ulimuuliza kwa nini ana begi?"

"Nilimuuliza!"

"Ulimuuliza au ulimfokea? Maana mimi nashangaa. Mwenye begi amebaki. Asiye na begi ndiye aliyekimbia."

Mwalimu akakata simu. Aliwachukia sana watu wenye maneno ya kweli.

Mchana huohuo akamfuata Fundi kazini. Alimkuta chumba cha mitambo, juu ya paa, spana mkononi, ndevu hazijanyolewa. Injini ilinguruma, ikabidi wazungumze karibu karibu.

"Niambie. Sitafoka."

Fundi akafuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi.

"Mama alipofariki nilikuwa mdogo. Nikapelekwa kwa baba mdogo. Halafu kwa mjomba. Halafu kwa watu ambao hata undugu wao siujui. Kila nikizoea, naambiwa kusanya vitu vyako. Safari moja sikupewa nafasi hata ya kukusanya. Picha ya mama ikabaki huko." Akakiweka kitambaa chini. "Mimi sitaki kuondoka. Naogopa kuondolewa."

Machozi yakamtoka Mwalimu, ya huruma na ya kujikasirikia.

"Na mimi nakusimamisha peku kama mtoro wa shule! Mbona hukusema?"

"Ungenionea huruma. Nilitaka unipende."

"Mjinga wewe. Nakupenda."

"Hata na begi?"

"Njoo nalo. Lakini na mimi nikikimbia, nifuate. Usipige simu tu."

Wiki iliyofuata wakaenda kutazama nyumba ya kupanga. Mwalimu alivaa gauni la kijani, Fundi shati lililopigwa pasi upande mmoja. Sakafu ilikuwa na nyufa, mlango wa jikoni haukufunga, na mama mwenye nyumba hakuwa na muda wa kupoteza.

"Mtakaa kwa muda gani?"

Swali hilo Fundi alilichukia maisha yake yote. Mwalimu akamwona anabadilika rangi, anautazama mlango. Akatamani kumwambia avute pumzi, akajizuia. Fundi akaivuta mwenyewe.

"Mpaka tuzeeke," akasema. "Huyu mwenzangu akikubali."

Mwalimu akamgeukia. "Hiyo ni posa au ni kodi ya nyumba?"

"Yote mawili. Jibu, mpenzi, mama anasubiri."

"Ungeniuliza mimi kwanza!"

"Si ndiyo nakuuliza?"

Mama mwenye nyumba akakohoa.

"Niwaambie kabisa, maji hapa yanatoka alfajiri tu."

"Haya," akasema Mwalimu, akiushika mkono wa Fundi. "Tutakinga."