Hatua Mia kwa Pingili Moja

Kioo cha ishara kilimetameta mara tatu juu ya mlima.

Stambuli aliinua darubini yake ya Zeiss, akasoma ishara herufi baada ya herufi.

DAFTARI LIMEONEKANA. MWIZI ANASHUKA SOKO LA MKUYUNI. LIRUDI LEO.

Mwaka ulikuwa 1913. Daftari lile, lililoibwa ofisi ya vipimo ya serikali, lilikuwa na vipimo vya kila njia ya Uluguru, na mnunuzi wake alikuwa jasusi wa kigeni aliyejifanya mchuuzi wa ngozi pale pale sokoni. Vita vikija, jeshi lake lingepita milimani bila kuuliza njia.

Stambuli hakujali vita. Alitaka kazi. Alikuwa amesoma hesabu mpaka macho yakamuuma, na Bwana Shauri, mkuu wa Kijerumani wa boma la Morogoro, alikuwa amemwahidi: rudisha daftari, utafundisha hesabu shule ya serikali. Miaka mitano ya kuvizia watu kwa ajili ya boma ingekwisha leo.

Soko lilifurika. Watu walishuka na matenga ya ndizi, wakikata hatua fupi fupi kama mteremko ule unavyotaka.

Mmoja hakukata.

Alijitanda kilemba mpaka puani. Hatua zake zilikuwa ndefu na sawasawa, hazijali mawe, na kidole gumba chake kilipanda juu ya pingili za vidole vingine: kila hatua mia, pingili moja. Mkulima gani huhesabu hatua akienda kuuza ndizi?

Mpimaji.

Stambuli alichomoa bastola yake ya Mauser, akazunguka nyuma ya vibanda, akamziba njia. Kilemba kikashuka. Alikuwa Rehani, mkokotozi wa ofisi ya vipimo, aliyemfundisha kugawanya na kuhesabu hatua.

"Shikamoo, mwalimu. Weka tenga chini."

"Marahaba, mwanangu." Rehani aliliweka taratibu. "Wamekuahidi nini?"

"Ualimu wa hesabu."

Mzee alicheka bila furaha. Akatoa mfukoni barua kumi na moja, moja kwa kila mwaka. Zote zilisema neno lile lile: nafasi ya ualimu ipo, subiri kibali kutoka Berlin, kwa sasa endelea kukokotoa. Yule mgeni, alisema, ndiye mtu wa kwanza kuzithamini hesabu zake.

"Niache nipite, Stambuli."

Alitamani kumwacha. Hakumwacha.

Askari walimnasa mchuuzi wa ngozi akipanda nyumbu. Daftari lilitoka chini ya ndizi, kavu, halina doa. Rehani alitiwa minyororo, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba mwisho wake ni kamba.

Kesho yake Bwana Shauri alimpa Stambuli mkono, kisha barua. Nafasi ya ualimu ipo. Asubiri kibali kutoka Berlin. Kwa sasa akalie kiti cha Rehani, maana kimebaki wazi.

Stambuli aliikunja barua, akaiweka sawa tarbushi yake, akatoka kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.

Getini aliutazama mkono wake. Kidole gumba kilikuwa kimefika pingili ya tatu.