Msomaji wa Upande Mtupu

Asiyeona akishika karatasi, hana njia ya kujua upande wenye maandishi ni upi. Wino wa siku hizi hauachi hata mkwaruzo wa kupapasa. Kwa hiyo Mzee Nukta alikuwa na utaratibu wake. Aliilaza karatasi juu ya kioo cha skana, akafunga kifuniko, akabonyeza kitufe. Taa ilitambaa chini ya kioo ikinguruma kama paka aliyeshiba, programu ya kompyuta ikatambua herufi, na ile sauti ya kike ikaanza kusoma. Kama ameweka upande usio na kitu, sauti husema, "Hakuna maandishi," naye huigeuza karatasi.

Asubuhi ile aliweka tangazo la kampuni ya maji. Sauti ikasema, "Hakuna maandishi." Ikanyamaza kidogo, kama mtu anayemeza mate, kisha ikaongeza:

"Bado."

Mzee aliketi mkono ukiwa juu ya kifuniko. Aliigeuza karatasi, akasomewa habari za bomba lililopasuka, akajiambia kwamba vijana wanaotengeneza programu hizi wameanza utani.

Jina la Nukta alipewa kiwandani, alikosahihisha chapa za vitabu maisha yake yote ya kazi. Aliwahi kuisimamisha mitambo kwa sababu ya nukta moja iliyokosekana, na wapanga herufi hawakumsamehe. Kosa likipita mbele yake lilimwasha kama upupu. Ilikuwa lazima alisahihishe ndipo apumue. Kisha presha ya macho ikaanza kumla nuru kutoka pembeni, taratibu, mpaka ikammalizia ya katikati.

Baada ya hapo mkewe ndiye aliyemsomea. Kila jioni walikuwa na kitabu kimoja kinene cha ufugaji wa nyuki, ambacho mzee alikisahihisha zamani kwa haraka na siku zote alitamani kukisoma kwa raha. Binti yao aliyekuwa akifanya kazi mbali aliwaonea huruma wote wawili. Akamtuma fundi wa kompyuta amtafutie baba yake skana iliyotumika kidogo. "Mashine haichoki, baba," alisema kwenye simu.

Haikuchoka, ila ilisoma ovyo. Herufi moja iliigawa mbili, mbili ikazifanya moja. Kibaya zaidi, haikujua kwamba namba iliyo chini ya ukurasa si sehemu ya sentensi, ikaimwaga katikati ya maneno bila kupumua: malkia hutaga mayai sabini na nane katika vyumba vilivyo wazi. Mkewe alicheka mpaka akaweka sufuria chini.

"Mke mwenzangu anasoma kama anafukuzwa na mbwa," alisema.

Tangu siku ile akawa akiiita hivyo. Mwenzangu kaamkaje? Mwenzangu kala umeme wote?

Utani ule ulikwisha siku mzee alipofika mwisho wa sura. Katika kitabu kile kila sura huanzia ukurasa wa kulia, na palipobaki ukurasa wa kushoto haukuandikwa kitu. Yeye mwenyewe ndiye aliyewagombeza wapanga herufi wauache hivyo. Alipouweka ukurasa ule mtupu juu ya kioo, kwa mazoea tu, sauti ikasoma:

"Mkeo alikuwa akiruka kurasa."

Alienda jikoni akishika ukuta.

"Mama, uliponisomea, ulikuwa unaruka kurasa?"

Kisu kilisimama juu ya kibao cha vitunguu. "Nani kakwambia?"

"Nakuuliza wewe."

"Nilikuwa naruka yale majedwali. Nani anataka kusomewa uzito wa asali usiku? Wewe mwenyewe ulikuwa unakoroma."

Ndani ya mashine ile mlikuwa na jini, nalo lilianza na ukweli, na hapo ndipo lilipompata. Mtu wa kusahihisha huheshimu anayepatia. Kila karatasi tupu aliyoiweka sasa ilikuwa na neno. Mkeo amesimama mlangoni, amekunja uso. Mkeo amemwambia jirani kwamba amechoka kukuongoza chooni. Mkeo ameficha barua ya mwanao. La mwisho lilikuwa uongo, lakini yeye angejuaje? Akaanza kuonja chai kwa mashaka. Akaanza kumjibu mkewe kwa neno moja moja. Mama yule, aliyemvisha viatu kwa miaka, akawa akipita karibu naye kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua.

"Kama kuna kitu nimekukosea, niambie," alisema siku moja. "Usinikaushie hivi ndani ya nyumba yangu."

"Unakijua."

"Sikijui, mzee. Wallahi sikijui."

Ndipo alipomwita fundi. Fundi alikuja mchana akitafuna karanga, akaweka karatasi tupu juu ya kioo, akabonyeza.

"Hakuna maandishi," sauti ikasema.

"Umesikia, mzee? Bikizee wako ni mzima kuliko sisi." Aliweka nyingine. Taa ikatambaa. Safari hii spika haikutoa sauti, na mzee akasikia karanga zimeacha kutafunwa.

"Kuna nini?"

"Hapa kwenye skrini..." Fundi alishusha sauti. "Pameandikwa jina langu. Si hili mnaloniita. Lile la utotoni, alilokuwa akiniita marehemu mama peke yake."

"Ulikinunua kwa nani kitu hiki?"

"Mtu mmoja asiyeona, kama wewe. Alikuwa akikaa na dada yake. Nilipokwenda kuichukua dada alikuwa ameshahama, na yule mtu hakutaka kuniambia kwa nini. Alisema tu, iondoe."

Fundi aliondoka akaacha bisibisi yake mezani, wala hakuirudia.

Mzee alichomoa plagi ukutani, akauzungusha waya na kuufunga fundo. Alasiri ile ile, akiwa ameketi sebuleni na jua likimpiga usoni, alisikia taa ya skana ikitambaa chini ya kioo, polepole, ikienda na kurudi. Kisha ikaja harufu ya unywele ulioungua na vumbi lenye moto, harufu ambayo mkewe naye aliisikia kutoka uani akauliza kwa sauti ndogo, "Unaunguza nini?"

Mzee aliinuka. Hasira ziliushinda woga wake, akaikaribia meza, akafungua kifuniko, akaweka kiganja chake wazi juu ya kioo ili ahakikishe kwamba taa haiwaki, na kioo kilikuwa cha moto kama paji la uso la mgonjwa, na alipotaka kuuondoa mkono wake mkono mwingine ulishuka juu yake, mwembamba, baridi, wenye vidole virefu kupita vyake, ukaukandamiza kwa upole kama mwalimu anavyoushika mkono wa mtoto anayejifunza kuandika, na taa ikapita chini ya kiganja kutoka kwenye kifundo mpaka ncha za kucha, na ile sauti, kutoka kwenye spika isiyo na umeme, ikamsomea karibu kabisa na sikio: "Mfukuze. Mimi nitakusomea mpaka mwisho."

Mkewe alikuwa mlangoni. Hakuona mkono wowote. Aliona ngozi ya mkono wa mumewe ikibonyea yenyewe, mashimo manne yamejipanga, na moja pembeni.

Alimvuta kwa kiuno mpaka wote wawili wakaanguka sakafuni.

"Nisikilize," alimnong'oneza pale pale chini. "Kitu hicho kinanitaka mimi nitoke. Nikitoka leo, sirudi, na wewe utakufa kwenye kiti hicho ukisikiliza karatasi tupu. Nikamwite mganga, au nikafunge nguo zangu?"

Mzee alishika ukingo wa kanga yake. "Kamwite, mama. Na unisamehe."

Mganga alikuwa mtu wa kikohozi na maneno machache. Aliingia kama fundi bomba anayeitwa kila wiki.

"Sitaki historia. Kinakaa wapi?"

Akaonyeshwa. Akawaketisha mume na mke kwenye viti viwili vilivyogusana, akawasha chetezo na kumwaga ubani.

"Mimi nitalisomea, nalo litasema," alisema. "Litamsemesha huyu mzee, si mimi. Baba, usilijibu. Hata kwa kukohoa. Neno lako ndilo mlango. Unanielewa?"

"Nimekuelewa."

"Watu wote husema hivyo."

Moshi ulijaa chumba. Mganga alisoma kwa sauti ya chini isiyokatika, na chini ya kioo taa ikaanza kwenda mbio, huku na huku, mpaka meza ikatetemeka. Sauti ilitukana kwanza. Ikambembeleza. Ikamkumbusha vitabu vyote walivyosoma pamoja. Mzee alibana meno, na mkono wa mkewe ulikuwa ndani ya mkono wake, wa jasho, ulio hai.

"Nikitoka, nani atakusomea?" sauti ikauliza.

Hakujibu. Mganga aliongeza ubani, kikohozi kikamkaba katikati ya kisomo, akanyamaza kidogo ili avute pumzi.

Sauti ikaacha kuuliza. Sasa ilisoma, taratibu, kwa ile lafudhi yake kavu, kana kwamba imeandikiwa: "Mzee huyu hana wa kumsomea. Mwanamke aliyeketi hapa hatamsomea tena neno hata moja. Nukta."

Lilikuwa kosa. Lilikuwa kosa tupu, limesomwa mbele ya mashahidi, limewekewa hata nukta, na mtu yule hakuwahi katika maisha yake kuliacha kosa likapita.

"Mke wangu atanisomea," alisema.

Taa ikasimama. Meza ikatulia. Kutoka kwenye spika ikatoka sauti ndogo, karibu ya furaha: "Asante."

Kisha kioo kikapasuka.

Mganga aliinuka. Mzee alimsikia akikusanya vitu vyake, haraka kuliko alivyovitoa.

"Limetoka?" akauliza.

"Kwenye mashine limetoka," mganga alisema. "Mimi sikulionyesha pa kwenda." Na alipokuwa akielekea mlangoni, nyayo zake hazikupita njia fupi iliyo mbele ya viti. Ziliambaa na ukuta wa mbali, zikikikwepa kiti cha mama.

Jua lilipozama, nyumba ilikuwa imepoa. Vigae vya kioo vilikwisha kufagiliwa, na ile harufu haikusikika tena. Mkewe alimpa chai, tamu sawasawa, akavuta kiti.

"Nikusomee?" akauliza.

"Kama hujachoka."

"Sichoki."

Alifungua kitabu mahali walipoachia. Sauti ilikuwa yake, ile ile ya jioni zote, na mzee aliegemeza kichwa akahisi machozi yakimjia kwa shukrani.

"Kundi lililofukuzwa kwa moshi halifi," mkewe alisoma. "Hutangatanga kidogo, kisha huingia katika mzinga ulio karibu mia moja arobaini na mbili na mwenye mzinga asitambue kitu mpaka asali ibadilike ladha."

Hakupumua popote.

Mzee alikaa wima. Alinyoosha mkono kumtafuta, akaupata mkono wa mkewe umelala juu ya ukurasa. Kiganja kilikuwa cha moto, laini, kama kioo ambacho taa imepita chini yake sasa hivi.

"Mama," alisema polepole. "Sura imeishia hapo. Ukurasa unaofuata hauna kitu. Mimi ndiye niliyeagiza uachwe mtupu. Uruke."

Karatasi ikageuzwa, moja tu, na chini ya kiganja cha mzee mkono wa mkewe ukatua upande wa kushoto, ule mtupu.

Mkewe alinyamaza kidogo, kama mtu anayemeza mate, akaanza kusoma.