Mongi Ajifunza Kumwogesha Babake

Mongi alikuwa mfuaji wa mazulia mjini Kairuani. Zulia lolote, hata likimwagiwa mchuzi wa harusi tatu, alilirudisha jipya. Ila nyumbani kwake alikuwako babake, mzee Sadoki, na mzee hakuwa ameoga kwa siku kumi na tisa.

Mzee Sadoki alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Alikumbuka majina ya farasi wote wa babu yake. Lakini akila saa saba, saa saba na robo anauliza kama watu wa nyumba hii hufunga mwaka mzima.

"Baba, twende ukaoge," Mongi alimwambia kila asubuhi.

"Nilioga jana."

"Jana hukuoga, baba."

"Wewe ulikuwa wapi? Nimeoga!"

Ijumaa moja msikitini, mtu aliyesimama kando ya mzee alijisogeza. Wa pili naye akasogea. Safu ikabaki na pengo. Mongi aliliona, masikio yakamwaka moto.

Walipofika nyumbani hakusema neno. Alimwingiza babake bafuni, akamvua nguo zote, akafungua bomba la mvua. Kwao, kijana aliyebalehe haogi na babake. Hata hamamu, bafu la mvuke la mtaa, huenda kila mtu na siku yake. Mongi hakuwahi kumwona babake bila nguo. Basi kwa kuona haya aligeuza uso ukutani, akawa anasugua kwa kupapasa, haraka haraka, yaishe.

"Mwizi!" mzee akapiga kelele. "Jamani, mwizi ananivua!" Akamzaba kofi.

Mongi akambana mikono. "Tulia! Unaniaibisha mji mzima!"

Mzee akatulia. Alijikunja pembeni, akajisitiri kwa viganja, akalia bila sauti. Wassila, mke wa Mongi, alileta taulo. Alimtazama mumewe mara moja tu, akamfunika mzee. Afadhali angetukana.

Kesho yake Mongi alikwenda kwa Ami Bashiri, msuguaji wa hamamu ya mtaani. Alimweleza yote, macho chini.

"Hebu niambie," alisema Ami Bashiri. "Ulimwogesha babako au ulifua zulia?"

"Nilifua zulia, ami."

"Miaka thelathini nimemsugua Sadoki. Sijawahi kumwona uchi. Shuka lake halitoki kiunoni. Wewe umemvua yote, kwenye baridi, kimya kimya, maji ghafla kichwani! Mimi ningekuzaba makofi mawili."

"Lakini kila siku ananibishia kwamba ameoga."

"Na ukishinda ubishi unapata nini? Mzee bado ananuka. Usibishane na ugonjwa, mwanangu. Marehemu mke wangu aliugua hivyo hivyo. Nilimfokea sana, mpaka muuguzi wa zahanati akanifunza. Nami nilikuwa mjinga kukushinda, usijivune."

Mongi akatabasamu kidogo. "Nifanyeje, ami?"

"Pasha chumba joto kwanza. Weka kigoda kisichoteleza, na kila kitu karibu, usimwache peke yake hata kidogo. Pima maji kwa kifundo cha mkono wako. Mfunge shuka, uoshe chini yake bila kulifunua. Anza na mikono na miguu, kichwa mwisho. Kila unachofanya mwambie kabla. Mpe kopo ajimwagie mwenyewe."

"Akikataa?"

"Mwache. Rudi baada ya nusu saa. Akikataa kabisa, mpanguse kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, leo mikono, kesho mgongo. Si lazima kuoga kila siku. Na akilia unapomgusa mahali, mpeleke kwa daktari, huenda panauma."

Alhamisi alasiri, saa ambayo mzee alizoea kwenda hamamu kabla ya kuugua, Wassila alipasha bafu joto. Mongi akaleta shuka na sabuni nyeusi.

"Sitaki," mzee akasema.

"Sawa, baba."

Mzee akashangaa. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na ugomvi haukuja. Nusu saa baadaye alikubali mikono na miguu tu. Jumapili alikubali na mgongo. Alhamisi iliyofuata aliketi mwenyewe kwenye kigoda, shuka kiunoni na kofia yake nyekundu kichwani, kama waziri.

"Sasa naosha mguu wa kulia," Mongi alisema.

"Osha." Mzee alijimwagia kopo la maji kifuani. "Una mkono mwepesi, kijana. Umeanza kazi lini hapa?"

Mongi alielewa kwamba babake anamdhania msuguaji wa hamamu. Hakumsahihisha. "Wiki hii, bwana."

"Vizuri. Maana kule nyumbani kuna mtu mmoja, simjui, huniingiza bafuni kwa nguvu." Mzee akashusha sauti. "Nina mwanangu, Mongi. Akirudi kutoka kazini nitamwambia. Mongi hawezi kukubali nifanyiwe vile. Atamtia adabu mtu yule."

Mongi aliinamia mguu ule. Alisugua mahali pamoja muda mrefu, kwa sababu hakuweza kuinua uso.

"Mongi ameshasikia, bwana," alisema mwishowe. "Mtu yule harudi tena."

"Nilijua," mzee akasema. Akavua kofia mwenyewe, akainamisha kichwa mbele ya Mongi. "Haya, mwaga."