Jicho la Rangi Mbili

Soko la vifaa chakavu lilikuwa limefurika, na katikati ya zogo hilo watu wawili walikuwa wameng'ang'ania televisheni moja. Ilikuwa ya zamani, yenye kisogo kirefu na kioo kizito. Mwanamke alishika upande wa vitufe, mwanamume upande wa waya, na hakuna aliyekuwa na nia ya kuachia.

"Dada, mimi nimeiona kwanza."

"Umeiona. Mimi nimeishika."

"Unaitakia nini? Hata mpira haionyeshi vizuri."

"Wewe je?"

"Nataka hizi mbao. Natoa kioo, natia picha yangu, inakuwa fremu."

Mwanamke alimtazama kana kwamba amesema anataka kumchinja paka. "Utoe kioo? Una akili kweli wewe?"

Mwanamume akaangua kicheko. Alikuwa mchoraji wa rangi za mafuta, na shati lake lilikuwa na madoa ya kila aina, hata kwenye kola. Mwanamke naye alikuwa amekunja mikono ya shati kubwa la kiume, amefunga kilemba cha rangi ya chungwa, na penseli ilichomoza juu ya sikio. Rafiki zake walimwita Nukta. Kazi yake ilikuwa kuchukua picha za watu na kuzichora upya kwenye zile kompyuta za nyumbani za zamani, zilizounganishwa na televisheni na kuhifadhi picha kwenye kaseti. Alichora nukta kwa nukta, kwa mkono.

"Na nani anazitumia siku hizi?" mchoraji aliuliza.

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Mimi tena."

Jibu hilo lilimmaliza. Televisheni aliibeba mwenyewe mpaka kwa Nukta, jasho likimtiririka, huku akitaniwa njia nzima kwamba mikono ya brashi haijazoea mizigo.

Nukta aliishi na shangazi yake, aliyemlea tangu utoto na ambaye hakuwa na subira na mashine zile. "Utaolewa na televisheni?" alikuwa akiuliza kila asubuhi. "Pale ofisi ya uchapaji wanakusubiri. Meza safi, kompyuta ya watu wazima!"

"Waendelee kusubiri, shangazi."

Mchoraji alimletea picha yake ya mafuta aliyoipenda kuliko zote: mama yake marehemu, ameketi dirishani. Nukta akamweleza kazi ilivyo. Mashine iliigawa skrini katika miraba midogo, na kila mraba ulikubali rangi mbili tu. Ya tatu ikiingia, moja inafukuzwa.

"Ukatili huo," mchoraji alisema.

"Ndiyo utamu wenyewe, mpenzi." Neno lile lilimtoka kabla hajalizuia. Walitazamana, na siku ile kazi haikuendelea.

Kuanzia hapo simu hazikukatika.

"Umefika wapi?"

"Begani."

"Jana ulikuwa begani!"

"Bega la mama yako lina kiburi. Umeamka vipi, rangi yangu?"

"Nimeamka nakuwaza wewe. Usoni utafika lini?"

"Uso ni wa mwisho. Usinikimbize."

Maonyesho ya sanaa ya jiji yakakaribia, na Nukta alikuwa amepewa meza yake. Mchoraji alipopita kuchungulia, aliona mama yake ana mabega, ana dirisha, lakini uso ni shimo jeusi. Kwa siri akaipiga kwa simu ile picha aliyomletea. Alirudi kwake akaitia kwenye programu moja ya kisasa, na kufumba na kufumbua mama yake alikuwa amegeuka nukta tupu, kamili, uso na vyote. Akatafuta mtu wa kuirekodi kwenye kaseti. Asubuhi ya ufunguzi aliwahi ukumbini na kuitia kwenye mashine iliyokuwa tayari kwenye meza ya Nukta, akaiwasha, akatandika na kitambaa. Moyo wake ulikuwa mweupe. Aliamini anampa mpenzi wake zawadi.

Nukta aliingia na shangazi yake, amevaa gauni la kijani na viatu vya kisigino alivyovichukia. Watu walikuwa wameizunguka meza yake wakipiga makofi. Akaiona ile picha kwenye kioo, na jina lake chini yake. Alikwenda moja kwa moja ukutani akachomoa waya wa umeme.

"Hii si kazi yangu," alisema, na ukumbi mzima ukamsikia.

Mchoraji alimfuata kwa minong'ono. "Nukta, mpenzi, usoni ulikuwa hujamaliza. Niliona utaaibika."

"Kwa hiyo ulinionea aibu."

"Nilitaka kukusaidia!"

"Bora ningeonyesha shimo. Shimo lingekuwa langu."

Akavua viatu, akavishika mkononi, akatoka peku mbele za watu.

Mchoraji alipiga simu ikaita mpaka ikachoka. Shangazi, kwa upande wake, alipata nguvu mpya. "Umeona? Mwenzio kabonyeza mara moja, imekwisha. Wewe unajitesa kwa lipi? Kesho twende uchapaji."

"Siendi, shangazi. Si kesho wala kesho kutwa. Na uso nitaumaliza, apende asipende."

"Na yeye?"

Nukta alitaka kusema hamtaki tena. Badala yake machozi yakamtoka, akakasirika zaidi.

Keshoye mchana mchoraji alibisha hodi. Hakuja na maua. Alibaki mlangoni, macho mekundu. "Sijaja kujitetea. Nifundishe mraba mmoja."

"Upi?"

"Wa jicho lake."

Nukta aliinuka akamwachia kiti. Mchoraji alianza kwa ujasiri. Akaweka nyeusi ya mboni na kahawia inayoizunguka. Kisha akataka kutia kile kimwanga cheupe alichokikumbuka vizuri, na kahawia yote ikafutika. Akairudisha kahawia, mwanga ukapotea. Aliweka, akafuta, akaweka. Jua lilihama kutoka dirisha moja hadi jingine.

"Haiwezekani," alisema mwishowe. "Nikiutoa mwanga, amekufa. Nikiitoa kahawia, si macho yake."

"Ndiyo."

"Programu yangu ilichagua nini?"

"Haikuchagua. Ilihesabu."

Basi akalia kama ambavyo hakuwahi kumlilia mama yake, na Nukta akamshika kichwa akakibana kifuani. Alipotulia, mchoraji alifuta kahawia kwa mkono wake mwenyewe na kuubakiza mwanga. "Nisamehe. Nilidhani kinachokuchelewesha ni uvivu wa mashine."

"Nimekusamehe. Usirudie. Sasa inuka, hilo ni jicho moja tu."

Siku ya kufunga maonyesho Nukta alirudi ukumbini na viatu vyake vya bapa. Msimamizi alimpokea kwa wasiwasi: watu waliipenda ile ya kwanza, ilikuwa laini zaidi. Mchoraji alifungua mdomo amtetee, lakini Nukta alikwishaichomoa kaseti ya kwanza na kumkabidhi msimamizi.

"Kaa nayo. Hapa ni meza yangu."

Akatia kaseti yake, na picha ikapanda taratibu kwenye kioo, mstari kwa mstari. Shangazi, aliyekuja kwa shingo upande, aliinama karibu.

"Huyu mama alikuwa na macho meusi hivi?"

"Yalikuwa kahawia, shangazi," mchoraji alijibu. "Tulichagua mwanga."

Shangazi aliinama tena, karibu zaidi. Nukta akamgeukia mchoraji, mikono kiunoni.

"Nakuposa."

"Wee!" shangazi akaruka. "Mwanamke haposi!"

"Nimeshaposa. Tulia nisikie jibu."

Watu waligeuka. Mchoraji alitafuta maneno, yakamkwama, akayatafuta tena, na Nukta, aliyeyajua yote, hakumsaidia hata moja. Akayapata mwenyewe: "Nimekubali."